Re: Akiba ya baht 800,000 kwa viza ya wastaafu Thailand

Ndugu yangu, nimekuelewa: una miaka 53, pesa unazo lakini ziko benki ya nyumbani, na rafiki anataka kukukopesha za kujazia akaunti siku ya maombi tu. Usikubali. Maofisa hawaangalii salio la siku moja.

Hizo baht 800,000 lazima ziwe katika benki ya Thailand, akaunti ya jina lako peke yako, miezi 2 kamili kabla ya kuomba kuongezewa mwaka mmoja wa kukaa nchini humo. Ukishakubaliwa, ziache hapo miezi 3 mingine. Baada ya hapo unaweza kutumia, ila salio lisishuke chini ya 400,000 mpaka ujaze tena kwa maombi yajayo. Hapa ndipo wengi huumia! Mimi mwaka wa kwanza nilibakiza siku chache tu za ziada, na pesa kutoka nyumbani zikachelewa. Sikulala. Sasa natuma miezi 4 kabla.

Kama una pensheni, mapato ya baht 65,000 kwa mwezi yanakubalika badala ya akiba, au uchanganye viwili hivyo vifikie 800,000 kwa mwaka.

Barua ya benki ichukue siku ileile ya maombi, na kitabu cha akaunti kionyeshe muamala wa siku hiyo.

Wakala akisema atakuwekea pesa zake, mkimbie. Ukigundulika unafutiwa kibali. Ofisi za uhamiaji hutofautiana kidogo, kwa hiyo ulizia ya mkoa wako kwanza, au umwone wakili wa uhamiaji.