Jibu: Mtoto wa miezi 5 na tasnifu iliyokwama

Asalaam aleikum dada. Umesema unafundisha chuo hapa Tanga, una mtoto wa miezi 5, na sura ya 3 ya tasnifu haijasogea tangu utoke likizo ya uzazi. Nilipita hapo hapo, nikiishi Chumbageni.

Kabla ya tasnifu, angalia ratiba ya vipindi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Omba kwa barua. Mimi kwa mdomo niliishia kuambiwa "tutaangalia".

Usiku usiandike. Nilikuwa nasinzia juu ya kompyuta, asubuhi nafuta yote. Nikahamia baada ya swala ya alfajiri, aya moja tu, simu nimezima. Nikimaliza naandika kwa penseli kesho naanzia wapi. Mtoto akiamka katikati, hupotezi uzi.

Msimamizi mwambie ukweli, umpe tarehe moja. Na mama mkwe usimkasirikie. Wangu alidhani nachezea kompyuta mpaka nilipomsomea ukurasa mmoja. Kesho yake alikuja mwenyewe alfajiri na kanga, akambeba mjukuu.