Zima muziki kabla ya kufungua daftari

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama muziki unamsaidia anayesoma au unamharibia. Nimefanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, huku nashona nguo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Jirani yangu wa kibanda cha pili anauza spika na kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi, kwa hiyo nimesoma mwaka mzima muziki ukinipigia sikioni.

Kwenye cherehani muziki ni rafiki. Mguu unashika mdundo, pindo za sare zinaisha bila kuchoka. Hata hesabu nilizokwisha kuzizoea nilizifanya vizuri tu. Historia ndiyo iliyonitoa jasho. Vita vya Mkwawa: Lugalo 1891, Kalenga 1894, kifo chake 1898. Ni tarehe tatu tu za kukumbuka, na zote za huku kwetu nyanda za juu, lakini kila nikizikariri nainuka na kiitikio cha bongofleva.

Mdogo wangu akanishauri nisikilize nyimbo za Kilingala, eti kwa kuwa sielewi maneno hayatanisumbua. Nikajaribu, miaka ikapotea vilevile. Mwalimu wetu wa tuisheni ndiye aliyenifumbua macho. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Colle na Welsh, waliwapa watu herufi za kukumbuka kwa mpangilio huku wakisikilizishwa Kijerumani wasichokijua. Walikosea zaidi kuliko walipokuwa kwenye ukimya. Anayekariri anajisemea moyoni, na sauti ya mtu mwingine inamwingilia hata kama haelewi inasema nini.

Najua wapo watakaowaandikia habari za Mozart, yule mtunzi wa muziki wa Ulaya wa zamani, eti ukisikiliza muziki wake akili inaongezeka. Utafiti ule wa mwaka 1993, wa chuo kikuu cha California kule Irvine, ulikuwa na wanafunzi 36. Walisikiliza kwa dakika 10, kisha wakapewa mafumbo, likiwemo la karatasi iliyokunjwa na kukatwa: ikikunjuliwa itakuwaje? (Fundi cherehani analielewa fumbo hilo haraka.) Walifanya vizuri zaidi, ila faida ilikwisha baada ya robo saa hivi. Na muziki waliusikiliza kabla ya kazi, haukuwa ukipigwa wakati wanaifanya. Hapo ndipo watu wengi wanapopotoka.

Basi nikabadili utaratibu. Nikawa naamka saa kumi alfajiri, na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua. Naweka nyimbo mbili za kwaya wakati jiko la mkaa linashika moto, mwili unachangamka, usingizi unatoka. Chai ikiiva nazima, nafungua daftari, nasoma mpaka jirani anapofungua kibanda chake. Historia nilipata C, na naithamini sana.

Sasa binti yangu yuko darasa la saba, na meza ya kusomea ni hiyohiyo tunayolia chakula. Akikaa na daftari lake, redio inazimwa, hata kama taarifa ya habari haijaisha.

Mama mshonaji, Mwanjelwa, Mbeya