Jibu: Mwanya wa milimita 6 kwenye mlango wa kuzuia moto
Habari ndugu. Umeuliza iwapo mwanya wa milimita 6 upande wa kitasa unaweza kuzibwa kwa utepe mnene zaidi wa kuzuia moto, ule unaovimba kwa joto na kuziba mwanya. Mimi nisingefanya hivyo, kwa kuwa mwanya wa pembeni na juu kwa kawaida huwa milimita 2 hadi 4, na utepe huo hujaribiwa kwa moto pamoja na mlango wenyewe. Kagua bawaba kwanza: mlango ukiinama kuelekea upande wa kitasa, mwanya huo huwa mwembamba juu na mpana chini, na mara nyingi utakuta skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Brashi ya moshi (nywele za ukingoni mwa mlango zinazozuia moshi kupita) iliyogandishwa na rangi ibadilishwe tu. Kuhusu mwanya wa chini, fuata cheti cha mlango wako, ambacho sijakiona.