Umemaliza chuo, umerudi Malindi: tazama kalenda kwanza

Kila mwaka nawaona wadogo zangu wakizunguka hoteli za Malindi na bahasha za kaki, wakiacha barua za kuomba kazi. Wengi hufika mwezi wa nne au wa tano, masika yamekolea, na hoteli nyingi zimefungwa, amebaki mlinzi na fundi wa bwawa. Wakirudi nyumbani wanasema digrii haina faida. Jamani, shida si digrii, ni mwezi mliobisha hodi.

Mji huu unaishi kwa misimu. Wageni, hasa Waitaliano, hujaa Agosti, kisha tena kuanzia Desemba hadi karibu na Pasaka, kaskazi ikivuma. Wenye hoteli hutafuta watu wiki chache kabla ya hapo. Peleka barua Juni au Novemba, itasomwa.

Mimi nilisomea uhasibu, nikapata kazi ya stoo ya hoteli. Mama mdogo alinihurumia kwelikweli: "Mwanangu, miaka yote ile ya chuo, ndiyo uje upime samaki?" Nilipima, na sijuti. Alfajiri wachuuzi huleta nguru, changu na kamba ndani ya barafu. Ukiweka kreti kwenye mizani vivi hivi, unanunua maji kwa bei ya kamba. Kwa hiyo unamwaga barafu, unawaacha wachuruzike, unapima, unaandika kilo kwenye kadi ya stoo, mchuuzi anatia sahihi. Usiku unalinganisha kadi na sahani zilizouzwa, na kilo ikipotea unajua imepotelea wapi. Hapo ndipo nilipouelewa uhasibu wa gharama, ambao darasani tulikuwa tukiukariri kwa ajili ya mtihani. Siku ya usaili wa ofisi niliyomo sasa, hayo ndiyo niliyoeleza.

Ndiyo maana nasema usiikatae kazi kwa jina lake. Uliza utakabidhiwa nini: stoo, pesa, wateja, mitambo? Kazi usiyokabidhiwa chochote ifanye ukiwa na dhiki, lakini endelea kutafuta.

Pesa nazo zihesabu kwa mwaka. Ukilipwa shilingi 24,000 kwa miezi 8, kipato chako cha kweli ni 16,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba ipimwe kwa hiyo 16,000. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, unatakiwa uanze kulipwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na faini ya kuchelewa haijui kwamba hoteli imefungwa. Weka akiba ya malipo hayo wageni wakiwa bado wapo.

Kukaa kwa wazazi si aibu hata kidogo. Nilimwambia mama wazi kwamba unga, mafuta na tokeni za stima ni juu yangu, hata mwezi wa tano. Tukaelewana, na maneno ya "umesoma, mbona hutusaidii" hayakupata nafasi nyumbani kwetu.

Miezi ya mvua isomee kitu. Mimi niliisomea CPA, mitihani ya kitaaluma ya uhasibu. Kiitaliano nacho kina soko hapa kuliko mji wowote wa Kenya. Waitaliano wana mizizi yao huku tangu zamani, hata satelaiti walirusha mwaka 1967 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Anayekizungumza vizuri huitwa kazini mapema.

Na ukifaulu usaili, kabla ya kutia sahihi uliza kwa adabu: mkataba unaisha mwezi gani, msimu ukifunguka wanaanza kumwita nani, na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yanapelekwa kila mwezi? Majibu yaandike, kisha nenda kapige hesabu zako nyumbani.