Nimetia stabilaiza na pampu imeungua tena, nimekosea wapi?

SUALI: Assalaam alaykum fundi. Mie niko Pemba, Konde, nasomea umeme mwaka wa kwanza. Nyumbani tuna pampu ya kisima ya hosipawa 1. Jioni umeme unashuka, nimepima kwenye soketi nikapata volti 185, pampu ukiiwasha inavuma tu haizunguki, mwisho ikaungua. Fundi akaisuka, akasema kapunguza mizunguko ya waya ili ipate nguvu na akatia kapasita kubwa zaidi. Na mie nikanunua stabilaiza ya VA 2,000 kwa sababu darasani tumesoma transfoma inapandisha umeme. Wiki mbili hazikufika, imeungua tena. Stabilaiza iko ndani ya nyumba, kisima kiko mita 80 hivi, waya wa kwenda kisimani ni wa milimita za mraba 1.5.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Umepima kabla ya kuuliza, nimefurahi sana, maana wengi wanaoniletea mota zilizoungua hawajui hata walikuwa na volti ngapi. Lakini hilo neno "inapandisha umeme" kila wiki nalisikia na kila wiki linanichoma, kwa sababu ndilo linalounguza mota za watu.

Transfoma inapandisha volti. Nguvu yenyewe, yaani wati, haipandishi hata chembe, tena inakula kidogo njiani, ukiigusa utasikia joto lake. Volti zikipanda ampea zinashuka, volti zikishuka ampea zinapanda, basi. Tizama umeme wenu huko Pemba, tangu 2010 unavuka bahari kutoka Tanga kwa volti 33,000, ukifika unashushwa mpaka 400 ya fezi tatu, ndio nyinyi mnapata 230 majumbani. Kila ampea 1 ya kule juu inakuwa kama ampea 82 huku chini, nguvu ni ile ile. Ingekuwa transfoma inazaa umeme wallahi tusingehitaji waya wa baharini, tungenunua transfoma moja tukakaa.

Sasa stabilaiza yako ndani yake ni transfoma tu yenye matoleo kadhaa na rilei, yaani swichi zinazojigeuza zenyewe, za kuchagua. Pampu ya hosipawa 1 ikizunguka vizuri inavuta kama ampea 5.6 kwa volti 230. Ukiilisha stabilaiza volti 185 ili itoe 230, inakwenda kuvuta ampea 7 kwenye laini, na hapo sijahesabu inachokula yenyewe. Yaani laini iliyokuwa imeshalemewa umeizidishia mzigo, na jirani naye ana yake anafanya hivyo hivyo, mtaa mzima unanyang'anyana na volti zinazidi kushuka.

Hayo ni ya pampu inayozunguka, ya kuwaka ndio balaa. Mota ya induction, ndio hii ya pampu yako, wakati wa kuanza inavuta mara tano, sita ya kawaida, tuseme ampea 28. Waya wa 1.5 kwa kilomita moja una omu kama 12, wewe una mita 80 kwenda na 80 kurudi, jumla 160, kwa hiyo omu 1.9. Zidisha na 28 upate volti 54 zinazopotea kwenye waya tu. Kwa hiyo hata stabilaiza ingetoa 230 kamili, na haitoi maana ampea 28 kwa volti 230 ni zaidi ya VA 6,000 (VA ni volti mara ampea) na yako ni ya 2,000, bado kisimani zingefika kama 175. Na nguvu ya mota kuzungusha haishuki sawa na volti, inashuka kwa kipeo cha pili, 175 juu ya 230 ukizidisha kwa yenyewe ni 0.58. Pampu imebaki na nguvu nusu na kidogo, juu yake kuna bomba zima la maji, itaachaje kuvuma?

Hapa kwenye kuvuma nataka ukae kidogo kwa sababu skuli wanafundisha transfoma wiki hii na mota muhula ujao kama vitu viwili mbalimbali. Mota ya induction iliyosimama na umeme ndani ni transfoma. Koili za stata, sehemu iliyotulia, ndio upande wa kwanza, rota, sehemu inayozunguka, ndio upande wa pili, na ndani ya rota mna fito za alumini au shaba zilizofungwa pamoja huku na huku, yaani upande wa pili umeshotiwa. Inapozunguka inakimbizana na sumaku, tofauti ya mwendo ni ndogo, ampea zinatulia. Ikikwama ni shoti tupu, na koili zinachemka kwa sekunde tu mpaka vanishi inanuka.

Fundi wako sasa. Mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1831 kule London alizungusha waya mbili kwenye pete ya chuma, sindano ya waya wa pili ikacheza pale tu alipounga betri kwenye waya wa kwanza na alipokata. Sumaku ikitulia hakuna volti, sumaku ikibadilika kila mzunguko wa waya unapata fungu lake. Kwa hiyo ukipunguza mizunguko na volti ni zile zile, kila mzunguko unabeba fungu kubwa zaidi, chuma kinadaiwa sumaku zaidi, na chuma kina mwisho wake, kikishiba ampea zinapanda ovyo hata mota haina kazi yoyote. Hiyo ndio "nguvu" aliyokutilia. Na kapasita kubwa inaupa waya wa koili ya msaada, ile inayosaidia mota kuanza, ampea usizozimudu. Hivi viwili peke yake vinatosha kuiunguza hata ingekuwa volti 230 safi.

Tena muulize aliitoaje koili ya zamani. Kama aliichoma moto kwa mafuta ya taa ili waya utoke upesi basi kaua na chuma. Kile chuma si pande moja, ni mabati membamba ya kama nusu milimita, kila bati lina ngozi ya kulitenga na mwenzake, moto mkali unaila ile ngozi, na kuanzia hapo mota inachemka milele hata ukiisuka kwa waya wa dhahabu. Nimeshika stata za namna hiyo nyingi, mabati yamegeuka rangi ya buluu, na mwenyewe keshalipa mara tatu.

Na hawa hawa ndio wanaouza vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi eti vinapunguza umeme. Nimevifungua, ndani kuna kapasita na kitaa, hamna chengine. Mita ya Tukuza, hii ya kulipia kabla, inahesabu nguvu iliyotumika kweli, kapasita haipunguzi hata yuniti. Wapo pia wanaopunguza resi ya jenereta ili kuokoa petroli, yale madogo ya mizunguko 3,000 kwa dakika ambayo ndio hezi 50 zenyewe, ukishusha mwendo huku volti zimeshikiliwa juu umeshibisha chuma cha kila transfoma ya ndani ya nyumba, kisha friji ikifa wanasema friji mbovu. Mtu asiyehesabu mizunguko, asiyepima unene wa waya, asiyesoma kibao cha mota, usimpe mota yako hata akiwa rahisi vipi, khasa wewe unayejifunza, utachukua mikono yake.

Tia waya wa 4 mpaka kisimani, zile volti 54 zitakuwa kama 21. Rudisha kapasita ya saizi iliyoandikwa kwenye kibao, na mota isukwe upya kwa hesabu ya koili ya kiwandani, kama waya wa mwanzo umeshatupwa tafuta pampu nyengine ya namna ile ile uhesabu. Stabilaiza iondoe, jaza tangi alfajiri volti zikiwa juu. Siku ya kujaribu mtie mtu nyumbani awashe, wewe kaa kisimani na mita kwenye waya wa pampu, usome volti wakati inaanza, na ikivuma sekunde tatu bila kuzunguka piga kelele mwenzio azime.