Wazora na Warito: kwa wanaoanza kuandika nadharia

Ndugu mnaoanza kuchimba historia ya The Legend of Zelda, mfululizo wa gemu za video, nawashauri muanze na Wazora, watu wa majini, na Warito, watu wenye mabawa. Swali lenyewe ni la siku nyingi: ilikuwaje watu wa majini wakazaa kizazi chenye mabawa? Uzuri wake ni kwamba ushahidi umo ndani ya gemu, unaweza kuukagua mwenyewe kabla hujasoma hoja ya mtu mwingine.

Fungua The Wind Waker ya mwaka 2002. Hyrule, nchi ya hadithi hizi, imefunikwa na bahari, na mamia ya miaka yamepita tangu matukio ya Ocarina of Time, gemu iliyotangulia. Laruto, mzimu wa mjuzi wa Kizora, anamtuma Link, shujaa wa gemu, amtafute mtu wa damu yake mwenye kinubi kama chake. Mtu huyo ni Medli, binti wa Kirito. Ukoo hauna ubishi tena, na wengi huishia hapo wakaandika kwamba Wazora waligeuka polepole kwa kuzoea mazingira.

Usiishie hapo. Tazama Mrito anavyopata mabawa: akifikia umri, hupanda mlimani kwa joka Valoo akachukue gamba lake. Bila gamba hapai. Ndiyo maana Valoo anapoghadhibika, kijana Komali anakwama chini. Jambo linalohitaji joka kwa kila mtoto haliwezi kuelezwa kwa urithi peke yake. Muda nao hautoshi. Furu wa Ziwa Victoria wanahesabiwa na wanasayansi kati ya mifano ya mageuko ya kasi kabisa, mamia ya spishi ndani ya takriban miaka 15,000 tangu ziwa lilipokauka likajaa tena, na wote bado ni samaki.

Sasa waweke karibu yao Wakorok, viumbe wadogo wa msituni katika gemu hiyohiyo ya The Wind Waker. Mlinzi wao, Mti Mkuu wa Deku, unaeleza kwamba zamani walikuwa na umbo la kibinadamu, wakachukua umbo walilonalo walipoingia maisha ya baharini. Mimi nashikilia kwamba katika Hyrule miili hubadilishwa na walinzi, joka au mti, kuliko na uteuzi wa asili. Mti hausemi kwamba ndio uliowageuza; hapo ninakisia, na huwa naandika wazi kwamba ninakisia. Nanyi fanyeni hivyo. Msomaji ana haki ya kujua gemu imenyamaza wapi.

Breath of the Wild ya 2017 ni shule nzuri ya jambo hili. Jiwe la kumbukumbu kwa Wazora linasema kwamba Vah Ruta, mashine kubwa yenye umbo la mnyama, alipewa jina kwa heshima ya Ruto, binti mfalme wa Kizora. Hilo limeandikwa, lichukue. Kwamba jina la Vah Medoh, mashine kama hiyo ya Warito, limetokana na Medli ni makisio ya mashabiki kutokana na jina lilivyo. Yana mashiko, ila usiyaweke kwenye sentensi moja na lile la jiwe.

Gemu hiyohiyo ina Wazora na Warito kwa pamoja, na hapo ndipo nadharia nyingi huvunjika. Hyrule Historia, kitabu kilichotoka Japani Desemba 2011, kiligawa matukio katika matawi matatu baada ya Ocarina of Time, na The Wind Waker ipo kwenye tawi moja tu. Kwa hiyo Mzora kuwepo mahali pengine si pingamizi. Kinachotaka maelezo ni wote wawili kuishi nchi moja. Huenda sehemu tu ya Wazora waligeuka, huenda Warito hawa wana asili yao. Zote mbili zinabebeka.

Ukitaka kazi ya kuanzia, mchunguze Tulin, Mrito aliyemo katika Tears of the Kingdom ya 2023. Ni mtoto, na tayari anaruka, wala Valoo hayupo. Linganisha mikono yake na ya Medli, manyoya yanaanzia wapi na vidole viko wapi, kisha andika ulichokiona kabla ya kuandika unachokiamini.