Maswali Yenu: Mashine Iliyochongwa Silinda Izoeshwe Vipi?

Safari hii tumejibu barua za mialo ya Kigoma peke yake, kwa kuwa zote zinagusa jambo moja: injini ya boti iliyofumuliwa na kufungwa upya.

SWALI: Salamu kutoka Kibirizi. Mashine yangu ya farasi 40, silinda mbili, ya kuchanganya oili, imechongwa silinda na kufungwa pistoni za ovasaizi 0.50, yaani kubwa kuliko za mwanzo kwa nusu milimita. Fundi anasema niiache kwenye pipa la maji ingurume masaa sita kwa sailensa (mngurumo wa chini, bila kuongeza mafuta), ndipo iende ziwani. Mwenzangu anasema huko ni kuchoma petroli bure, tupakie abiria wa Mwamgongo, itazoea kazi ikiwa kazini. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize yeyote kati yao, ingawa ushauri wa mwenzako ndio utakaoinokisha mashine, yaani pistoni ishike silindani, haraka zaidi.

Silinda iliyotoka kuchongwa si laini. Mawe ya honi, kifaa cha kusugulia silinda kwa ndani, huacha mikwaruzo iliyopishana, na ringi mpya (pete za pistoni) hugusa vilele vya mikwaruzo hiyo tu. Kuzoesha injini ni kuvisaga vilele hivyo kidogo kidogo mpaka ringi ikae sawasawa na ukuta. Kinachoibana ringi ukutani si mchipuko wake peke yake. Presha ya moto hupita nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Kwenye sailensa presha hiyo ni ndogo, kwa hiyo masaa sita ya pipa yatakuachia ringi ambazo bado hazijakaa, masizi kwenye madirisha ya moshi (matundu ya ukutani mwa silinda), plagi zilizolowa na maji ya moto pipani. Ukipakia watu siku ya kwanza, pistoni, ambayo ni ya aluminiamu, inatanuka kuliko silinda, nafasi iliyopo inakwisha, nayo inashika.

Pipa lina kazi yake, lakini ni ya dakika 10 tu. Toa propela, jaza maji yapite bamba lililo juu yake, washa. Angalia mashine inakojoa maji ya kupozea kwa nguvu, gasketi ya kichwa haitoi mapovu, hakuna petroli inayodondoka. Zima.

Kisha nenda ziwani alfajiri, kabla upepo haujaamka, boti tupu na watu wawili tu. Ratiba ni hii. Dakika 10 za kwanza, gia ya mbele, mwendo wa chini kabisa. Dakika 50 zinazofuata usivuke nusu ya mafuta, yaani nusu ya mzunguko wa mshikio, na usishike mwendo mmoja: panda, shuka, panda tena kila baada ya dakika chache. Boti ikiwa nyepesi na inapanda juu ya maji, fungua mafuta yote mpaka inyanyuke, halafu rudisha nusu papo hapo. Saa ya pili unafika robo tatu, na unaruhusiwa kufungua yote kwa dakika moja, kisha dakika 10 za robo tatu kabla ya kurudia. Saa nane zinazobaki, mashine inaweza kufanya kazi nyepesi, ila usifungue mafuta yote zaidi ya dakika 5 kwa mkupuo. Jumla ni saa 10. Ziandike kwenye daftari, maana kichwa cha nahodha hakina mita ya saa.

Baada ya saa hizo, acha ipoe kabisa, ikiwezekana ilale. Kagua kukaza kwa bolti za kichwa kwa spana ya kipimo, ukianzia za katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Fungua pia skrubu ya chini ya gia boksi. Oili ikitoka kama chai ya maziwa, sili imepitisha maji. Ikiwa safi, badilisha hata hivyo: ingiza mpya kwa tundu la chini mpaka itokee la juu.

SWALI: Nauliza kutoka Ujiji. Wakati wa kuzoesha, oili kiasi gani kwenye dumu la lita 20? Na oili ya pikipiki inafaa? Dukani wanasema oili ni oili.

JIBU: Kwa injini nyingi za kuchanganya oili, saa 10 za kwanza ni 25 kwa 1: mililita 800 kwenye lita 20. Baada ya hapo ni 50 kwa 1, yaani mililita 400, isipokuwa kitabu chako kiseme vingine. Tangi lako likiwa la lita 24, ni 960 na 480. Tia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Oili iliyomwagwa juu ya tangi lililojaa hukaa chini bila kuchanganyika, na mashine haipati mchanganyiko ulio sawa. Kama injini yako ina pampu ya oili, weka 50 kwa 1 kwenye tangi wakati wa kuzoesha, juu ya ile inayotoa pampu.

Muuza duka amekosea. Nunua chupa iliyoandikwa TC-W3, alama ya oili ya injini za boti za mapigo mawili. Oili ya pikipiki za mapigo mawili imetengenezewa injini ya kupozwa na upepo inayochemka sana, na dawa zake huacha majivu. Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa, majivu hayo hayaungui, yanashikamana na ringi na plagi. Oili ya gari usiikaribie.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Katonga. Silinda ya chini imenoki mara mbili ndani ya miezi minne, ya juu haina hata mkwaruzo. Kila mara nabadilisha pistoni na ringi, nazoesha kwa utaratibu. Safari hii nimetia oili mara tatu ya kawaida na bado naogopa.

JIBU: Ndugu, oili haina kosa. Silinda mbili zinakunywa tangi moja. Ikifa moja tu, na ileile kila mara, ugonjwa uko upande wake. Tena hiyo oili ya mara tatu inakuumiza: jeti ya kabureta, kitundu kinachopima petroli, hupitisha ujazo uleule, kwa hiyo nafasi iliyochukuliwa na oili imenyang'anywa petroli. Moto unakuwa na hewa nyingi na petroli chache, na huo ndio moto unaoyeyusha pistoni. Rudi kwenye kipimo.

Pistoni zilizokufa usizitupe. Zioshe, uziweke juani, uzisome. Mikwaruzo sehemu nne za ubavu wa pistoni maana yake pistoni ilitanuka kabla silinda haijapata joto: ulikazana mapema, au fundi ameacha nafasi ndogo. Mikwaruzo upande wa dirisha la moshi tu inaashiria petroli au oili haikufika ya kutosha. Ikizunguka pistoni nzima, maji hayapozi. Juu ya pistoni pakiwa pametoboka au pamelika kama sukari guru iliyong'atwa, petroli yako ina shida, aghlabu imechanganywa na mafuta ya taa, au moto wa plagi unawahi.

Kisha kagua kwa mpangilio huu. Kama kuna kabureta mbili, fungua jeti ya silinda hiyo, uipulize, uitazame kwenye mwanga. Usichokonoe kwa waya, tundu likipanuka umeharibu kipimo. Pili, sili ya krenki (raba inayozuia hewa kwenye shafti ya injini) ya upande wa chini. Mafundi wengi hubadilisha pistoni na kuiacha sili ya zamani, nayo inavuta hewa na kupunguza petroli bila dalili yoyote ya nje. Iliyokauka kama ganda la ndizi ni ya kutupa. Fundi mwenye vifaa aizibe crankcase (chumba cha krenki) ya silinda hiyo, aipige presha ndogo ya paundi 6. Isishuke kwa dakika kadhaa. Tatu, njia za maji: mchanga wa ufukweni na vipande vya impela (gurudumu la raba la pampu ya maji) za zamani hutuama kwenye koti la silinda. Ukibadilisha impela iliyokatika bila kutafuta vipande vyake, hujamaliza kazi.

Nne, pitisha ukucha kwenye kingo za madirisha ndani ya silinda. Zikikata kama bati, zinakata ringi pia. Baada ya kuchonga, kingo zote lazima zilainishwe kwa tupa ndogo au msasa, halafu silinda ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, ndipo ipakwe oili. Petroli peke yake haiondoi unga wa mawe ya honi. Wakati wa kufunga, hakikisha ncha za ringi zimekaa kwenye pini zake. Ringi iliyopanda pini hunasa dirishani mzunguko wa kwanza tu.

Mashine ikianza kushika ukiwa ziwani, utasikia sauti inazama na mwendo unapungua bila wewe kugusa kitu. Rudisha mafuta mara moja, zima, subiri nusu saa. Usiimwagie maji ya ziwa.

SWALI: Boti yetu ya mizigo ya Buhingu haipandi juu ya maji hata ikiwa tupu, na hatuna mita ya mizunguko. Nusu ya mafuta tutaijuaje?

JIBU: Weka alama ya rangi kwenye mshikio, nusu na robo tatu ya mzunguko wake. Kwa boti nzito, punguza hata hapo, maana nusu ya mshikio kwake ni mzigo mkubwa. Tazameni na propela. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo propela iliyotoka na mashine Dar es Salaam mara nyingi inailemea. Azimeni mita siku moja: injini nyingi za farasi 40, mafuta yote wazi, zinatakiwa kufika mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Ikishindwa, shukeni inchi moja au mbili za pichi, yaani mwinamo wa mapanga ya propela. Kila inchi huongeza kama mizunguko 150 hadi 200.

SWALI: Mimi ni mama mwenye mitumbwi ya dagaa. Ziwa likifungwa lisivuliwe, kama lilivyofungwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mashine niliyoizoesha juzi niihifadhi vipi, na nianze kuizoesha upya?

JIBU: Hapana, mama, huanzi upya, ila iliyotoka kuchongwa hushika kutu haraka. Chomoa mpira wa petroli mashine ikiwa kwenye sailensa, izime yenyewe. Toa plagi, tia vijiko viwili vya chai vya oili ya TC-W3 kila silinda, vuta kamba taratibu mara tano, rudisha plagi. Isimamishe wima maji yatoke. Petroli iliyochanganywa usiitunze miezi mitatu. Siku ya kurudi, dakika 10 za sailensa na nusu saa ya nusu mafuta zinatosha. Moshi utakuwa mzito mwanzoni, ni oili ile inaungua.